Kabla ya kukubali injini ishushwe, ioshe kwanza

Ijumaa moja baada ya swala, mzee anayeangalia usafi wa msikiti wa mtaani kwetu alinishika mkono akanipeleka hadi pale nilipokuwa nimeegesha gari. Alinyoosha kidole chini bila kusema neno. Kwenye kabro mpya, ambazo waumini walizichangia Ramadhani iliyopita, kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kisahani cha kahawa.

"Mwanangu," akaniambia, "gari lako linatokwa na damu."

Gari lenyewe ni Toyota Probox, injini ya 1NZ, ile ya lita moja na nusu. Wasomaji wangu wengi wanaijua kwa sababu huku Pwani nusu ya tunachokula hubebwa na Probox. Mamangu huenda nayo kliniki yake ya presha kila mwezi. Mke wangu husambazia maandazi na mikate ya sinia madukani kabla jua halijachomoza. Kwa hiyo gari hilo likilala, nyumba nzima inalala.

Nilimpelekea fundi mmoja ambaye simtaji. Aliingia chini ya gari na tochi ya simu, akakaa kule kwa muda usiofika dakika mbili, akatoka na jibu. Krenki sili ya nyuma imekwisha. Injini itenganishwe na giaboksi, siku tatu, shilingi 32,000 pamoja na sili. Nilishusha pumzi. Pesa hizo nilikuwa nazo, lakini zilikuwa karo ya muhula unaokuja na zilikuwa tayari zimeandikwa jina la mwenyewe.

Diploma yangu ni ya uhasibu, si ya magari, na labda hilo ndilo lililoniokoa. Mhasibu akiona tarakimu kubwa huuliza risiti iko wapi. Nilimwomba fundi anionyeshe hiyo sili inavyovuja. Akanionyesha tone likining'inia pale injini inapoungana na giaboksi. "Si unaona mwenyewe?" Kweli niliona tone. Lakini sikuona lilikotoka.

Jioni hiyo nilipita kwa fundi mwengine, mzee niliyezoea kumwita ami kwa sababu alisoma madrasa pamoja na marehemu babangu. Sasa hafanyi kazi nzito tena, hukaa kibarazani na kahawa yake akiwasahihisha vijana. Nilipomwambia shilingi 32,000 alicheka. "Umeiosha?" Nikasema hapana, ami. "Basi nyinyi wawili mmetibu kidonda ambacho hamjakiona."

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi kuhusu oili inayovuja, mengine kwake, mengine kwa kulala chini ya gari langu mwenyewe nikiwa na katoni mgongoni. Nayaandika hapa kwa sababu nimewasikia watu wengi barazani wakisimulia kisa kama changu, isipokuwa wao walilipa.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kinachodondoka ni oili ya injini. Inaonekana kama jambo la kitoto, lakini huku kwetu kuna joto na kila mwenye gari la AC ameshawahi kushtuka akiona maji yanachuruzika chini, upande wa abiria. Hayo ni maji ya AC, masafi, hayana harufu, achana nayo. Chukua katoni kavu au karatasi nyeupe uitandike chini ya injini usiku kucha, kisha uitazame asubuhi baada ya Alfajiri kabla hujawasha gari. Oili ya injini huwa ya rangi ya asali ikiwa mpya na ya kahawia hadi nyeusi ikiwa imetumika, na inateleza vidoleni. Ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu, na ikizeeka huwa ya kahawia yenye harufu ya kuungua. Magari mengi yenye usukani wa haidroliki hutumia oili nyekundu ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo nyekundu peke yake haikwambii kila kitu. Kulanti huwa ya kijani, ya waridi au nyekundu, lakini ni nyepesi kama maji. Usiionje, ni sumu, na paka wa mtaa pia wasiilambe. Oili ya breki ni nyepesi, haina rangi au ina umanjano kidogo, na ikionekana karibu na gurudumu basi usiendeshe hilo gari hata hadi dukani.

Kabla ya kuosha chochote, pima oili. Gari liwe mahali tambarare, injini izimwe na isubiri dakika chache ili oili irudi chini, kisha chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, ukichomoe tena. Kiwango kiwe kati ya alama mbili. Katika magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takriban lita moja. Andika kiwango na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Mimi niliandika nyuma ya kijitabu cha mke wangu cha maandazi. Bila maandishi hayo utabaki ukisema "inavuja sana" na fundi atasema "sana" yake, na kila mmoja ana sana yake. Na kama kiwango kimepita alama ya juu, huenda aliyebadilisha oili mara ya mwisho alimimina kopo zima la lita 4 bila kutazama. Injini ya 1NZ, pamoja na filta, inachukua chini kidogo ya hapo. Oili iliyozidi hutafuta pa kutokea.

Sasa tuje kwenye kuosha, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Oili inapotoka juu haikai juu. Inateremka, inafuata ukingo wa chuma, inazunguka boliti, inakaa kwenye waya, kisha inadondoka mahali pa chini kabisa patakapopatikana. Gari likiwa mwendoni upepo unaoingia kwa mbele unaisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondokea pana uhusiano mdogo sana na mahali inapotokea. Na injini yenye miaka kadhaa ina tabaka la oili na vumbi, na huku kwetu ongeza mchanga na chumvi ya bahari, hata huwezi kujua unyevu huu ni wa leo au wa mwaka juzi. Fundi akimulika tochi hapo anaona weusi tu, naye atataja kitu anachokijua.

Injini iwe imepoa. Funika alteneta, mdomo wa kuvutia hewa, boksi la fyuzi na koili za plagi kwa mifuko ya plastiki. Tumia sabuni ya kuoshea injini inayouzwa madukani, au hata sabuni ya vyombo iliyokolea na brashi ya zamani, usugue kuanzia juu kwenda chini, kisha suuza kwa maji ya mkebe. Wale vijana wa kuosha magari wenye mashine ya maji ya nguvu wanasukuma maji ndani ya soketi za waya, na kesho gari halishiki. Usitumie petroli kamwe. Najua inafanyika, nimeiona ikifanyika gereji, fundi kashika kopo la petroli huku mwenzake anavuta sigara hatua tatu kutoka hapo. Mvuke wa petroli hauhitaji hata moto wa sigara, cheche ya betri inautosha.

Ikikauka, washa injini ipate joto, izungushe mtaa mmoja au miwili, urudi, uzime. Panguse kwa tambara jeupe, usitumie la rangi, kuanzia juu kabisa. Tena uanzie juu. Ami alinirudia neno hilo hadi nikachoka: tafuta unyevu wa juu kabisa, wala usiangalie wa chini kwanza. Ule wa juu kabisa ndio chanzo, mengine yote ni njia. Kama hakuna kitu baada ya safari fupi, endesha siku moja, tazama tena. Pale ambapo huna uhakika, nyunyiza poda ya mtoto kidogo kwenye chuma kikavu. Oili ikipita, inachora mstari kwenye ile poda. Gereji kubwa zina rangi maalumu inayomiminwa ndani ya oili na kung'aa chini ya taa ya zambarau, nayo inasaidia pale oili inapojificha, lakini kwangu poda ya Sh150 ilitosha.

Siku ya pili mstari ukaonekana. Ulianzia kwenye pembe ya kava ya juu ya injini, ile ambayo mafundi wetu huiita tapeti kava, upande wa giaboksi. Ukashuka ubavuni mwa injini, ukapita nyuma ya bomba moja la maji ambapo tochi haifiki kutoka chini, ukaishia hasa pale pa kuungana na giaboksi. Tone lilelile nililoonyeshwa. Sili ya krenki ilikuwa imesingiziwa.

Nasema hivi bila kumchukia yule fundi wa kwanza. Oili ya tapeti kava kushuka nyuma ya injini na kujifanya krenki sili ni kosa la kawaida, mafundi wa nchi zote hulifanya. Ninachomlaumu ni zile dakika mbili.

Gasketi ya tapeti kava ni mpira mwembamba unaokaa kwenye mfereji wa kava. Kazi yake ni kuzuia oili inayorushwa na kemu isitoke nje. Joto la miaka linaukausha, unakuwa mgumu kama plastiki, na ukiukunja unavunjika. Kwenye injini nyingi kuubadilisha si kazi ya kutisha. Unachomoa koili za plagi, unafungua mabomba madogo ya hewa, unafungua boliti na nati za kava, unainyanyua. Ikiwa imeganda, igonge taratibu kwa mpini wa mbao. Usiichokonoe kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye uso wa alumini utakuwa mlango mpya wa oili. Safisha nyuso zote mbili ziwe kavu, bila mabaki ya mpira wala silikoni ya zamani, na uziangalie zile sili za mviringo zinazozunguka mashimo ya plagi. Zikivuja, oili hujaa kwenye shimo la plagi na gari huanza kukohoa. Watu wamenunua koili mpya kwa tatizo ambalo lilikuwa la kipete cha mpira.

Gasketi mpya haitaki silikoni kuizunguka yote. Kwenye injini kama ya 1NZ kinachotakiwa ni tone dogo tu pale kava ya cheni inapokutana na kichwa cha injini, kwa sababu vyuma viwili vikikutana huacha kijishimo ambacho mpira haukizibi. Lakini nenda gereji nyingi utaona silikoni imepakwa kama siagi kwenye mkate, imefura nje na ndani. Ile ya nje ni ubaya wa sura tu. Ile ya ndani inamomonyoka, inaanguka kwenye sampu, inakwenda kuziba chujio linalovuta oili. Siku hiyo tatizo lako halitakuwa doa kwenye kabro.

Boliti zikazwe kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, mara mbili au tatu kuzizunguka zote. Nguvu yake ni ndogo, kama nyutoni mita 10, yaani nguvu ya kiganja, mbali kabisa na nguvu ya bega. Mwenye spana ya kupimia nguvu aitumie. Ukikaza zaidi ukidhani ndiyo itaziba vizuri, unauminya mpira utoke mahali pake, au unang'oa uzi wa boliti ndani ya alumini, na kurudisha uzi huo ni gharama nyingine.

Nililipa Sh1,400 ya gasketi na 1,500 ya mkono, kwa kijana mmoja aliyeelekezwa na ami kutoka kibarazani kwa sauti ya juu. Jumla 2,900. Nilirudi nyumbani nikijiona bingwa. Mke wangu akaandika kwenye kijitabu.

Baada ya wiki tatu ikavuja tena.

Nitakiri kwamba nilimkasirikia yule kijana kabla ya kumwuliza. Nilifikiri ameweka gasketi bandia, na kweli bandia zipo, zinauzwa kwenye pakiti zinazofanana kabisa na za asili. Lakini ami aliponiona hakutazama hata gasketi. Aliniambia niwashe gari, nifungue kifuniko cha kumiminia oili injini ikiwa inanguruma polepole. Kikarukaruka, na moshi ukapumua kwa nguvu usoni. "Injini yako haipumui," akasema. "Umebadilisha mlango, lakini anayesukuma mlango bado yumo ndani."

Sehemu hii mafundi wengi wa kando ya barabara huiruka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kila mara moto unapowaka ndani ya silinda, gesi kidogo hupenya kando ya pete za pistoni na kuingia chini, kule kwenye oili. Hata injini mpya iko hivyo. Gesi hiyo lazima iondoke, la sivyo itajenga shinikizo. Ndiyo maana kuna valvu ndogo, mafundi wanaiita PCV, inayoinyonya gesi na kuirudisha kwenye njia ya hewa ili iungue upya. Kitu chenyewe ni kidogo kama kidole gumba. Kikiziba kwa matope ya oili, shinikizo linabaki ndani na linasukuma kila sili na kila gasketi, linatokea pale palipo dhaifu kuliko pengine. Ukiziba hapo, litatafuta penye udhaifu unaofuata. Ndiyo maana utamsikia mtu amebadilisha tapeti kava, kisha sili ya mbele, kisha ya nyuma, na gari bado linadondosha.

Ichomoe uitikise sikioni. Nzima hulia tiktik, kwa sababu ndani kuna kipande kinachocheza. Yangu ilikuwa kimya kama jiwe. Ukitaka uhakika, iache kwenye bomba lake la kunyonyea, injini iwashwe, uzibe mdomo wake kwa kidole. Unatakiwa uhisi kidole kinanyonywa. Usipohisi kitu, ama valvu imeziba ama bomba lenyewe. Mpya nilinunua kwa Sh850, na bomba lake la mpira, lililokuwa limepasuka, kwa 300. Gasketi tuliyoweka haikuwa na kosa, tuliirudisha ileile baada ya kuifuta. Yule kijana nilimwomba radhi mbele ya ami, ilinibidi.

Kama umebadilisha valvu na bado kifuniko kinapuliza kwa nguvu, na gari linatoa moshi wa buluu nyuma, hapo pete za pistoni zinaweza kuwa zimechoka na gesi inayopita ni nyingi kuliko valvu inavyoweza kunyonya. Omba kipimo cha kompresheni kabla ya kutoa pesa yoyote. Hicho nacho hakimalizi nusu saa.

Si kila gari linavuja kama langu, kwa hiyo nitapitia haraka sehemu nyingine. Filta ya oili kwanza, hasa kama uvujaji umeanza mara tu baada ya sevisi. Wakati mwingine mpira wa filta ya zamani hubaki umeganda kwenye injini, fundi anafunga mpya juu yake, mipira miwili inakaa pamoja. Itashika kwa muda, kisha oili yote inaweza kumwagika kwa mkupuo. Filta hukazwa kwa mkono, na mpira wake hupakwa oili kidogo kabla. Kisha boliti ya kumwagia oili chini ya sampu. Ina washa laini inayopaswa kuwa mpya kila sevisi, bei yake haifiki ya kikombe cha chai na kitafunio, na bado inarudishwa ileile mara kumi. Boliti hiyo ikikazwa kwa nguvu za kupita kiasi uzi unang'oka.

Sampu yenyewe huku kwetu ina maadui wawili. Matuta yasiyo na rangi wala alama, na chumvi. Magari yanayolala karibu na bahari hupata kutu kwenye sampu za bati hadi zikatoboka vitundu vidogo kama vya sindano. Ukiona rangi imevimba kama mapele, ikwaruze uone kilicho chini. Ipo pia swichi ndogo ya shinikizo la oili, yenye waya mmoja, ambayo ikichoka hutoa oili katikati yake, mahali pa waya. Hubadilishwa kwa dakika chache. Na kwenye injini za VVT-i kuna valvu ya umeme inayoshikwa na boliti moja na kuzibwa na kipete cha mpira, ambacho kikikauka huvuja juu ya ubavu wa injini na kumdanganya mtu kwamba ni gasketi. Sili ya mbele ya krenki utaijua kwa oili iliyorushwa kuzunguka puli, na mkanda kulowa. Mkanda uliolowa oili ubadilishwe, usifutwe ukarudishwa.

Je, krenki sili ya nyuma haivuji kabisa? Inavuja. Lakini ikubali pale tu juu kote kumeoshwa, kumekauka na kumebaki kukavu kwa siku kadhaa, valvu ya kupumulia ni nzima, na bado oili ya injini, siyo nyekundu ya giaboksi, inatoka pale katikati ya injini na giaboksi. Kwenye gari la gia za mkono oili hiyo inaweza kufikia klachi ikaanza kuteleza. Hapo shusha, na ukishashusha kagua klachi pia, maana hutaki kulipa kazi ileile mara mbili.

Kuhusu dawa za kumimina ndani ya oili zinazoahidi kuziba uvujaji, maoni yangu ni kwamba zinalainisha mpira uliokauka, kwa hiyo sili iliyoanza tu kunyauka inaweza kutulia kwa miezi. Gasketi iliyopasuka haitaunganishwa na chupa. Na wale wanaoshauri uweke oili nzito ya 20W-50 ili "isivuje haraka", kwa injini hizi zilizotengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30 wanakupunguzia doa na kukuongezea uchakavu, hasa asubuhi injini inapowashwa ikiwa baridi na oili inatakiwa ifike juu upesi.

Mambo mawili hayasubiri fundi wala ami. Ukinusa oili ikiungua au kuona moshi ukitoka kwenye boneti, oili inadondokea bomba la moshi la moto, na hiyo inaweza kuwaka. Egesha, zima, watu washuke. La pili ni ile taa nyekundu yenye umbo la birika kwenye dashibodi. Ikiwaka gari likiwa linatembea haikuulizi kama umebakisha kilomita mbili kufika Mtwapa au kama uko kwenye foleni ya feri Likoni. Shinikizo la oili limekwisha na vyuma vinasagana. Zima papo hapo, pima kijiti, na kama oili haipo usiiwashe tena hadi iongezwe. Jirani yangu aliendelea hadi nyumbani kwa sababu alikuwa amebeba wageni wa harusi. Alinunua injini nyingine.

Oili chafu uliyomwaga, usiipeleke kwenye mtaro. Mitaro yetu inaishia baharini, hatuhitaji mtaalamu kutueleza. Iweke kwenye jerikeni lililofungwa umpe fundi anayekusanya. Wapo wanaokusanya na kuuza, ulizia gereji kubwa.

Ukienda gereji, usiingie na jibu. Sema tu: nimeosha, nimeona unyevu unaanzia hapa, nionyeshe wewe unaona wapi. Fundi mzuri hatakasirika, atainama atazame nawe. Piga picha kabla na baada, na uombe kifaa cha zamani mkononi. Mimi sasa ninayo gasketi yangu ya zamani kwenye droo. Nilipoikunja ilivunjika vipande vitatu.

Hadi leo ninapoandika, miezi minne imepita na Probox inakwenda kliniki na madukani kama kawaida. Kijiti kimeshuka upana wa unyasi kati ya sevisi mbili. Karo ililipwa. Doa la msikitini nililifunika kwa unga wa mbao usiku mmoja, kesho yake nikalisugua kwa sabuni ya unga na maji moto, mara mbili. Bado linaonekana ukilitazama kwa upande, na yule mzee hulitazama kwa upande kila Ijumaa ninapoegesha.